Lenzi au miwani: ulinganisho kwa aliyevaa miwani miaka mingi

Nimevaa miwani tangu darasa la sita. Namba yangu leo ni -6.00 jicho la kulia na -5.50 la kushoto, na mwenye namba za aina hii anajua maana yake nyumbani: nikivua miwani ninaona vizuri mpaka sentimita 17 hivi kutoka usoni, karibu urefu wa penseli mpya, na kuanzia hapo ni ukungu mtupu. Mtu akikaa upande wa pili wa meza simjui mpaka aongee. Nikiamka usiku, mkono unapapasa miwani kabla sijajua ni saa ngapi.

Miaka mitatu iliyopita nilianza kuvaa lenzi, zile laini za kuweka machoni. Sikuacha miwani, navaa vyote viwili kwa zamu. Na kwa kuwa wenzangu wa miwani huniuliza kila mara kama nao wahamie huko, nimeandika ulinganisho huu kama ninavyomweleza mtu ninayemtakia mema tukiwa tumekaa pamoja.

Jibu langu nalitanguliza. Lenzi inakupa kuona ambako miwani haiwezi kukupa. Lakini miwani inasamehe, lenzi haisamehi. Ukisinziwa nayo, ukiishika kwa mikono michafu, ukiioshea maji ya bombani, miwani haina neno na wewe. Lenzi utailipa kwa jicho. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, na kabla hujajitazama kwenye kioo, itazame siku yako ilivyo: unalala saa ngapi, unanawa wapi, mikono yako inashika nini.

Tofauti ya kuona

Miwani inakaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi inakaa juu ya machozi yenyewe. Tofauti nyingi utakazoziona zinatoka kwenye hiyo nafasi ndogo.

Kwa sisi tusioona mbali, kioo cha miwani kinapunguza ukubwa wa vitu, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo kinavyopunguza zaidi. Ukishazoea hujui kama unaona dunia iliyopunguzwa. Siku ya kwanza niliyotoka na lenzi, sahani ya wali ilionekana kubwa kana kwamba nimepakuliwa zaidi, na ngazi ya daladala ilikuja karibu kuliko nilivyoitegemea, nikakanyaga kwa kishindo. Siku tatu nne hivi ubongo ukajipanga upya. Kwa anayevaa miwani ya kuongeza, mambo ni kinyume: alizoea vitu vikubwa, na lenzi itamrudishia vidogo.

Nafasi hiyo hiyo ndiyo inayofanya namba ya lenzi isilingane na namba ya miwani. Jicho langu la -6.00 linavaa lenzi ya -5.50, na lile la -5.50 linavaa -5.25. Chini ya 4.00 tofauti huwa ndogo mno kuhesabika, kupita hapo inahesabika kweli. Zaidi ya hapo, lenzi ina mviringo wake na upana wake, namba kama 8.6 na 14.2 utaziona kwenye boksi, na hizo hazimo kabisa kwenye karatasi yako ya miwani. Anayekuuzia lenzi kwa kuangalia karatasi ya miwani tu, bila kukupima mviringo wa jicho na kuangalia lenzi inavyokaa ukipepesa, usinunue kwake.

Kuna upana wa kuona. Ndani ya miwani unaona vizuri katikati, pembeni kuna fremu, na nje ya fremu hakuna kitu. Mtu wa miwani hujifunza bila kujua kugeuza kichwa badala ya macho. Lenzi inatembea na jicho, basi popote unapotazama unatazama katikati ya lenzi. Nilikuja kulielewa jambo hili barabarani, nikisubiri kuvuka, nilipoona bodaboda inakuja upande wa kushoto kwa pembe ya jicho, shingo haijageuka. Kwa miaka mingi bodaboda kama ile nilikuwa naisikia kabla ya kuiona. Kama kuna faida moja ya lenzi ambayo siwezi kuibishia, ni hiyo.

Upande wa kusoma karibu una jambo ambalo watu wachache huambiwa. Miwani ya kupunguza inalisaidia jicho kidogo linapotazama karibu, na lenzi haileti msaada huo, jicho linafanya kazi yote lenyewe. Kijana hatahisi chochote. Lakini mtu wa miaka 40 na ushee, aliyekuwa anasoma ujumbe wa simu bila shida na miwani yake, anaweza kuvaa lenzi na kukuta maandishi yamefifia, akadhani amepewa namba mbovu. Hajapewa namba mbovu. Ule uzee wa macho ambao miwani ilikuwa inauahirisha ndio umefika. Dawa yake ipo: lenzi za kuona mbali na karibu kwa pamoja, au miwani nyepesi ya kusomea juu ya lenzi. Bora ujue mapema kuliko kugombana na aliyekupima.

Mwenye astigmatizimu, yaani jicho ambalo mviringo wake si sawa pande zote, ajue kuwa lenzi zake zipo, ila zinatengenezwa na sehemu nzito kidogo ili zisizunguke jichoni. Zikizunguka, kuona kunayumba kwa sekunde chache, ukipepesa kunarudi. Miwani haina tabia hiyo, inabaki ilipowekwa.

Na kuna kundi moja ambalo kwao hakuna hata mashindano. Watu ambao konea yao, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, imechongoka kama koni, hufika mahali miwani haiwasaidii tena hata ukibadilisha namba mara kumi. Wengi wao walianza na aleji ya macho utotoni na kuyasugua miaka nenda rudi, na aleji hiyo ni nyingi sana kwenye nchi zetu zenye joto na vumbi. Hao lenzi ngumu zinaweza kuwarudishia macho. Kama una mtoto anayesugua macho kila siku na miwani yake inabadilishwa namba kila baada ya miezi michache, mpeleke kwa daktari wa macho mapema, si kwenye duka la miwani.

Mikono na kioo

Kuvaa miwani hakufundishwi. Kuvaa lenzi kunafundishwa, na mimi somo la kwanza lilinichukua dakika 40 kwa jicho moja. Sikuwa na shida ya lenzi, nilikuwa na shida ya kope. Jicho lililolindwa na kioo miaka 20 halijawahi kuona kidole kikija, kope zinafunga zenyewe hata ukiziamuru zisifunge.

Inavyofanyika ni hivi. Unanawa kwa sabuni isiyo na mafuta wala manukato, unasuuza, unakausha mikono kabisa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kukausha kuna sababu mbili: maji ya bombani yasiguse lenzi, na lenzi ishike jicho. Ncha ya kidole ikiwa na maji, lenzi inang'ang'ania kidole. Unaiweka lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada, unainua mpaka usawa wa mwanga na kuitazama kwa ubavu. Ikiwa ukingo umesimama kama bakuli, iko sawa. Ukingo ukipinda kwenda nje kama sahani, imegeuka ndani nje, igeuze. Ukiivaa ikiwa imegeuka haitakudhuru, ila itakukera na kutembea tembea.

Kisha kidole cha kati cha mkono ule ule kinavuta kope ya chini. Mkono mwingine unapita juu ya paji la uso, unashika kope ya juu pale pale nywele zinapoota, si katikati, kwa sababu kope iliyoshikwa katikati bado inaweza kufumba. Unatazama mbele au juu kidogo, unaleta lenzi taratibu mpaka iguse. Usisukume. Ikishagusa machozi inavutwa yenyewe, unahisi ubaridi mdogo. Tazama chini, kulia, kushoto, ndipo uachie kope polepole. Anza na jicho la kulia siku zote, usije ukachanganya namba.

Kuvua ni rahisi zaidi ingawa watu wengi huogopa kuvua kuliko kuvaa. Unatazama juu, unaishusha lenzi kwa kidole kwenye sehemu nyeupe, unaibana kwa nyama ya vidole viwili. Kucha ndefu hapo ni hatari kweli. Mimi zangu nilizikata na sijazifuga tena.

Hofu ya lenzi kupotea nyuma ya jicho iondoe. Haiwezi kwenda huko, kwa kuwa ngozi laini ya ndani ya kope imeungana na jicho pande zote. Inaweza kujikunja chini ya kope ya juu, ukaihangaikia, lakini itatoka.

Nilipofanikiwa siku ile nilitoka nje ya lile duka nikasimama barazani. Mkono ukaenda puani kusukuma miwani juu, haukukuta kitu. Ulienda hivyo hivyo kwa miezi miwili.

Wiki mbili za kuzoea

Usitoke na lenzi siku ya kwanza asubuhi ukarudi nazo usiku. Mimi nilipewa ratiba ya saa nne siku ya kwanza, kisha kuongeza saa moja au mbili kila siku mpaka kufika kama saa kumi na mbili za kuvaa kwa siku. Saa za mwanzo utahisi kuna ukope jichoni, machozi yatatoka kidogo, baadaye utasahau. Kuhisi lenzi ni kawaida, maumivu si kawaida. Kitu kikichoma, vua, isuuze kwa dawa yake, itazame kama ina mpasuko au uchafu, na ukirudisha ikachoma tena, siku hiyo rudi kwenye miwani.

Kila asubuhi nikiwa mbele ya kioo najiuliza mambo matatu: jicho ni jeupe? Naona vizuri? Haliumi? Jibu moja likiwa hapana, lenzi hazivaliwi.

Wanaofanya kazi kwenye kompyuta wana la ziada. Kwa kawaida mtu hupepesa mara 15 hivi kwa dakika, na mbele ya skrini idadi hushuka sana, pengine chini ya nusu. Kupepesa ndiko kunakosambaza machozi. Lenzi laini ni plastiki inayonywa maji. Mkemia Otto Wichterle wa Prague aliyefaulu kuziunda kwa mashine ya kujitengenezea nyumbani mwaka 1961, kwa vyuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli, alitumia plastiki ambayo zaidi ya theluthi ya uzito wake ikilowana ni maji. Basi ofisini chini ya kiyoyozi, lenzi ikikauka inayatafuta maji kwenye machozi yako. Kufika saa tisa alasiri macho yangu yanakuwa kama yametiwa mchanga. Matone ya kulainisha yaliyoandikwa kuwa yanafaa kwa lenzi yanasaidia kiasi. Kwenye siku za kufunga hesabu za mwezi, ninapokaa mbele ya kompyuta mpaka jioni, navaa miwani na sijutii.

Usiku na maji

Hapa ndipo naomba usome polepole.

Konea haina mishipa ya damu. Hewa yake inaipata kutoka nje, kupitia machozi. Ukifumba macho usiku hewa inapungua, na ukiwa na lenzi ndani inapungua zaidi, huku vijidudu vilivyo kwenye lenzi vikikaa saa nane vimebanwa kwenye ngozi iliyochoka. Utafiti wa Marekani wa mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwingine wa Australia wa miaka ya 2000, zilikuta jambo linalofanana: kwa wanaovaa lenzi laini mchana na kuzivua usiku, kidonda cha konea chenye maambukizi kilimpata mtu kati ya 2 na 4 katika kila 10,000 kwa mwaka. Kwa wanaolala nazo, walikuwa karibu 20. Na kati ya tafiti hizo mbili zilikuja lenzi mpya zinazopitisha hewa nyingi zaidi, lakini idadi ya wanaougua kati ya wanaolala nazo haikushuka.

Mimi nililala nazo mara moja. Nilikuwa kwenye basi la usiku kutoka Dar kwenda Mwanza, safari inayopita kilomita 1,100, na nilijiambia nitavua tukisimama kula. Tuliposimama, pale choo kilikuwa na giza na ndoo ya maji siijui ilitoka wapi, nikaona mikono hii siitii machoni. Uamuzi wa kutokuvua kwa mikono michafu ulikuwa sahihi. Kosa nililifanya mapema zaidi, nilipopanda basi nikiwa na lenzi. Nilisinzia, nikaamka alfajiri kope zimeganda. Lenzi ya kushoto ilitoka baada ya matone mengi. Ya kulia ilitoka na maumivu, na kufika mchana sikuweza kutazama dirishani.

Daktari wa macho alinitia tone la rangi ya manjano, akanimulika kwa taa ya bluu, akaniambia pale kando ya konea pana kidonda kidogo kinachong'aa kijani. Alinipa dawa ya matone ya kila saa kwa siku mbili, usiku na mchana, halafu kila baada ya saa kadhaa. Lenzi nilikatazwa wiki tatu. Na hapo nikakutana na kosa la pili: miwani yangu ilikuwa ya miaka minne nyuma, namba imeshapitwa, kwa sababu tangu nianze lenzi sikuona haja ya kuibadilisha. Wiki tatu nilifanya kazi na kichwa kinachogonga. Jicho lilipona, namshukuru Mungu, kwa kuwa kidonda kilikuwa pembeni. Kingekuwa katikati kingeniachia kovu ninalotazama kupitia kwake mpaka leo.

Kwa hiyo ninaposema miwani inasamehe, ninasema nikiwa nimeshalipa.

Maji ni kisa cha pili. Dawa ya lenzi watu huiona kama maji kwa kuwa haina rangi, lakini kazi yake ni kuua vijidudu na maji hayawezi kazi hiyo. Ndani ya maji ya bomba, ya kisima, ya tangi, ya bwawa la kuogelea, mnaishi kiumbe kidogo kiitwacho akanthamiba. Kwenye ngozi yako kwa kawaida hakifanyi lolote. Kikinasa chini ya lenzi na kuingia konea, matibabu yake huchukua miezi mingi na maumivu yake ni makali, na wengi wa wanaougua ni wavaaji wa lenzi. Hauugui mtu kila siku, ni ugonjwa wa nadra, lakini sheria zifuate hivyo hivyo. Lenzi haioshwi kwa maji, hata yaliyochemshwa, hata ya chupa. Haitiwi mate. Unapooga unavua. Baharini na bwawani unavua. Kwa anayetawadha, fumba macho sawasawa unaponawa uso, upanguse kope kwa kitambaa safi ndipo ufumbue. Maji hayana haja ya kuingia ndani ya jicho.

Kikasha cha kulazia lenzi nacho: dawa ya jana inamwagwa yote, haiongezewi juu. Unasuuza kikasha kwa dawa, unakifuta, unakiacha wazi kimepinduliwa juu ya karatasi safi, na angalau kila miezi mitatu unanunua kingine. Maji ya chumvi yanayouzwa kwa ajili ya kusuuzia hayaui vijidudu, usiyatumie kulazia lenzi. Na kama dawa yako ni ile ya haidrojeni peroksaidi, haitiwi jichoni moja kwa moja hata kidogo. Ina kikasha chake maalumu na muda wake wa kuishiwa ukali, usioupunguza kwa sababu umechelewa kazini.

Miwani unaisafisha kwa tone la sabuni ya vyombo na maji, na habari yake inaishia hapo.

Jikoni, barabarani, msibani

Pilipili. Ukikata pilipili mbuzi mchana ukanawa mara tatu, jioni ukavua lenzi, utajua kuwa hukunawa. Ukali wake unashika kwenye mafuta ya ngozi na maji pekee hayautoi. Sugua mikono kwa mafuta ya kula kwanza, halafu sabuni, na hata hivyo mimi siku ya kachumbari ya pilipili navaa glavu au navaa miwani. Vitunguu, kwa upande mwingine, lenzi inakukinga navyo, utakata kilo nzima bila chozi. Ukifunua sufuria, miwani inazibwa na ukungu, lenzi haina habari.

Mvua na bodaboda ni ushindi wa lenzi kwa matone ya kwenye kioo na kofia ngumu inayobana mikono ya miwani. Lakini upepo unazikausha, na vumbi la barabara ya changarawe linataka kinga, hivyo vaa miwani ya jua juu yake. Hiyo nayo ni raha ya pekee: mtu wa namba kubwa anaweza kwa mara ya kwanza kununua miwani yoyote ya jua anayoipenda.

Anayevaa ushungi au mtandio anajua mikono ya miwani inavyobana nyuma ya masikio ikifika jioni. Kwa sherehe na shughuli ndefu lenzi zimenipunguzia maumivu hayo kabisa. Vaa lenzi kabla ya wanja na poda, na vua lenzi kabla ya kufuta wanja.

Moshi wa kuni, wa mkaa, wa udi, unauma macho ya wote, ila wa lenzi unamkaa zaidi. Na msibani, ambako hujui utalala wapi wala utanawa kwa nini, nenda na miwani.

Lenzi za rangi wanazovaa mabibi harusi ni lenzi kama nyingine, hata zisizo na namba. Zinapimwa, zinaoshwa, haziazimwi. Zinapouzwa pamoja na kucha za bandia, na mtu akazivua ampe rafiki yake azivae, hapo nasikitika sana, kwa sababu anayeumia ni mtu ambaye macho yake yalikuwa mazima.

Hesabu ya matumizi

Bei zinatofautiana mno mji kwa mji, hesabu idadi. Miwani moja nzuri utakaa nayo miaka miwili ikiwa namba imetulia. Lenzi za mwezi ni 24 kwa mwaka, pamoja na dawa mwaka mzima na vikasha vinne. Lenzi za siku moja, unazovaa na kutupa, ni 730 kwa mwaka ukivaa kila siku, sawa na maboksi 25 hivi ya lenzi 30. Dawa na kikasha hazihitajiki.

Ukivaa mara mbili tu kwa wiki, hesabu inageuka: siku 104, lenzi 208, maboksi manne kwa kila jicho yanatosha mwaka. Kwa sisi wenye maji ya mgao ninazipenda hizi za siku moja kuliko zote, kwani hakuna cha kuosha wala kulaza. Usizikubali zile za mwezi kwa sababu ya bei halafu ukazivuta ziende miezi miwili. Na juu ya hesabu yoyote ya lenzi ongeza miwani yenye namba ya sasa. Asiyeweza kulipia vyote viwili, alipie miwani.

Nani avae nini

Mchezaji, mpiga picha, anayepanda pikipiki kila siku, mwenye namba kubwa, na mwenye jicho moja tofauti sana na lingine, jaribu lenzi. Hao wa mwisho hasa, kwa kuwa miwani huwapa picha mbili za ukubwa tofauti na kichwa kikauma. Mwenye macho makavu, mwenye aleji isiyotulia, fundi wa kuchomelea au wa mashine za kurusha vipande, mtu wa zamu za usiku anayesinzia popote, baki na miwani, tena fundi uweke na kinga juu yake. Mtoto si umri unaoamua, ni kama ananawa mikono bila kukumbushwa.

Ukienda kupimwa, nenda na miwani unayovaa sasa na umweleze mpimaji kazi yako, saa zako za kulala na maji ya nyumbani kwako. Omba jozi ya majaribio uvae wiki moja kabla ya kununua boksi. Usitoke pale mpaka umevaa na kuvua mwenyewe mara tatu, mbele yake, bila kusaidiwa. Na muulize nani wa kumpigia jicho likiwa jekundu siku ya Jumapili.

Mimi sasa hivi navaa lenzi za siku moja Ijumaa na Jumamosi, na safari za mchana. Kwenye mkoba nina kikasha cha miwani, ya namba mpya, na kabla ya kupanda basi lolote la usiku navua lenzi nyumbani, kwenye sinki langu, natupa, ndipo nafunga mlango.